Babu hataki kusikia "negro", wajukuu hawataki kusikia "boyi": matusi tunayorithishana hapa Lubumbashi

Mwana_Kamalondo

Wandugu, salamu kwenu nyote, mlioko hapa mjini na mlioko mbali.

Nafungua uzi huu kwa sababu ya jambo linalotugawa nyumbani, na naamini halipo kwetu tu. Katika lupango wetu, yaani ua mmoja wa nyumba, tunaishi vizazi vitatu. Babu alizaliwa mji huu ukiitwa Élisabethville. Baba ni wa enzi ya Zaire, alikulia wakati watu wakiitana "citoyen", yaani mwananchi. Wadogo zangu wote wamezaliwa baada ya mwaka 2000.

Hawa wadogo na rafiki zao husalimiana "negro". Wamelitoa kwenye rap ya Kifaransa na ya Marekani, na kwao ni neno la mapenzi. Babu akilisikia huinuka na kwenda zake. Upande mwingine, babu humwita kijana anayetusaidia kazi za nyumbani "boyi", na mdogo wangu wa kike hukasirika mpaka hali chakula. Na babu huyohuyo, akianza habari za 1992, hutumia neno moja juu ya watu wa mkoa wa Kasai ambalo sitaliandika hapa.

Nimesoma tena hotuba ya Lumumba ya tarehe 30 Juni 1960, mbele ya mfalme Baudouin. Katika mambo yote ambayo angeweza kuyataja siku ile, kazi za kulazimishwa, ardhi, jela, hakusahau hili: kwamba mtu mweusi alikuwa anaambiwa "tu", ile "wewe" ya Kifaransa isiyo ya heshima, si kwa urafiki, bali kwa sababu "vous", ile "wewe" ya heshima, iliwekwa kwa Wazungu tu. Nchi inazaliwa, na kiongozi wake anazungumzia namna ya kumwita mtu. Kwa hiyo wanaosema "ni maneno tu, acheni kelele" hawanishawishi.

Swali langu: nani amrekebishe nani? Kwetu mtoto hamkosoi mzee mbele ya watu, na mzee naye hasikilizwi tena na vijana. Mnafanyaje majumbani kwenu?

Mama_Katuba

Mwanangu, asante kwa kuleta habari hii.

"Boyi" nalijua vizuri, kwa sababu baba yangu mkubwa alikuwa mmoja wao. Wakati wa Wabelgiji kazi ya ndani, kupika, kufua, kupiga pasi, hata kulea watoto wa Wazungu, ilikuwa ya wanaume. Mtu ana mvi, ana wajukuu, bado anaitwa "boy", kijana mdogo. Alilala kwenye boyerie nyuma ya nyumba kubwa, na asubuhi mtoto wa Mzungu wa miaka sita alimpigia kelele kwa jina hilohilo.

Vijana wengi wa hapa hawajui kwamba mwaka 1965 waliokuwa maboyi wa mji huu waliungana wakatoa historia ya Élisabethville kwa Kiswahili chetu, iliyokusanywa na André Yav. Watu walioitwa wavulana maisha yao yote ndio walioandika mji huu ulivyojengwa, mabwana walivyoishi, na nani alifanya nini. Wataalamu wa vyuo vya mbali wameisoma na kuichapisha upya. Sisi wenyewe tuliobaki hapa tunaendelea kusema "boyi, leta maji".

Wazungu walipoondoka, watu wetu waliingia katika zile nyumba. Boyerie ilibaki nyuma, na neno likabaki ndani yake. Mdogo wako wa kike ana haki ya kukasirika. Ila asisuse chakula, amwite yule kijana kwa jina lake kila siku mbele ya babu, kwa sauti. Kwangu hapa, anayenisaidia akiwa mkubwa kwangu ni "Papa" na jina la mtoto wake wa kwanza. Watoto wangu hawajui namna nyingine.

Wa_Kasapa

Mimi nasoma sheria, basi niongeze upande huo. Nchi yetu ina sheria inayoadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila tangu zamani: ni ordonnance-loi (amri ya rais yenye nguvu ya sheria) namba 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966. Inagusa maneno, ishara na maandishi yanayoonyesha chuki ya rangi au ya kabila. Babu wa Mwana_Kamalondo alikuwa mtu mzima ilipotoka. Kwa hiyo tusiseme kuheshimu watu kwa maneno ni mambo mapya ya vijana wa simu.

Jambo la pili ni "mushenzi". Wabelgiji walilitumia kwa watu wa vijijini, lakini waliolikomaza ni watu wetu wa tabaka la "évolué", yaani weusi waliohesabiwa wamestaarabika. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianza kutoa kadi ya "mérite civique", cheti cha raia mwema, na mwaka 1952 ukaja utaratibu wa "immatriculation", wa kumwandikisha mtu mweusi kuwa amestaarabika. Ili uipate, wakaguzi walikuja kuangalia nyumba yako: unakula mezani? Mke wako anakula pamoja nawe? Vyombo ni visafi? Aliyefaulu alionekana amejitenga na "basenji", yaani washenzi. Waliofaulu walikuwa wachache mno, lakini dharau ilienea kwa wote walioitamani kadi ile. Leo kijana wa mtaa wa Golf anamwambia mwenzake "villageois", mtu wa kijijini, na kucheka. Neno limebadilishwa, dharau ni ileile.

Dogo_BelAir

Heshima kwenu wakubwa. Niseme kwa niaba ya sisi tunaosema "negro".

Hatumtukani mtu. Mimi nikimwita rafiki yangu "mon negro" maana yake ni mtu wangu, tumetoka pamoja, nitamtetea. Hakuna Mzungu aliyewahi kuniambia neno hilo usoni. Na si sisi tulioanza. Washairi Césaire na Senghor, miaka ya 1930 kule Paris, walilichukua neno walilotukanwa nalo wakalifanya jina la fahari, négritude. Tunafundishwa hayo shuleni na walimu wanayasifu. Kwa nini wao ni mashujaa na sisi ni watovu wa adabu?

Halafu wakubwa wanatuzuia "negro" huku wao wakimwona Mchina yeyote barabarani wanapaza sauti "Chinois! Chinois!", hata akiwa Mkorea. Au wanamwita mtu mfupi "mbilikimo". Tusikilizane pande zote.

Papa_Ruashi

Batoto, jambo yenu. Mie nitaandika na Kiswahili yetu ya hapa, munisamehe.

Nilizaliwa mbele ya Indépendance, nikakomea mu kambi. Baba yangu alitumika kwa kampuni moja, jina yake si njo maneno ya leo. Muzungu mwenye kuangalia kazi yake alikuwa kijana, baba angeweza kumuzaa. Ile kijana alikuwa anamuambia "toi". Kama kazi imeharibika kidogo, mbele ya batu yote, mbele yangu mie mutoto mwenye kumupelekea chakula: "macaque", ni kusema kima. Sikusoma mu kitabu. Nilisikia na haya masikio. Na "sale nègre", mweusi muchafu, ilikuwa maneno ya kila siku, sawa vile batu banasema "habari".

Baba hakujibu. Angejibu, kazi inaisha, na nyumba ya kambi inaisha, na shule yetu inaisha. Vyote vilikuwa mu mukono ya kampuni.

Dogo, unasema kwenu ile neno ni "ndugu". Mie sikatae urafiki wenu. Lakini kama unaipigia rafiki yako kelele mu barabara, mie sisikie "ndugu". Nasikia ile kijana ya Muzungu. Bale ba Senghor balibeba ile neno kisha kutukanwa nayo, balijua uzito yake, bakachagua. Weye uliipata mu muziki, uzito yake ilishabakia nyuma. Kabla ya kuitumia, uliza mutu mwenye kuibeba.

Dogo_BelAir

Papa, asante. Habari za macaque kwa mdomo wa mtu aliyesikia mwenyewe sikuwahi kuzipata, babu zangu wote wamekwisha kufa. Mbele yako sitalitamka. Lakini sitadanganya kwamba tutaliacha kati yetu wenyewe. Tukiwa peke yetu lina maana tuliyoipa sisi.

Mzaliwa_wa_Likasi

Nimesoma yote kwa makini. Sasa narudi kwa mwenye uzi. Uliandika kwamba kuna neno babu yako analitumia juu ya watu wa Kasai na hutaliandika. Ndugu yangu, andika. "Negro" umeliandika. "Boyi" umeliandika. "Macaque" limeandikwa na hakuna aliyeshtuka. Kwa nini letu ndilo lifichwe?

Nitaliandika mimi. Ni "bilulu". Kwa wasio wa huku: kilulu ni mdudu, yule anayeharibu chakula ghalani.

Babu yangu aliletwa huku Katanga kutoka Kasai miaka ya 1920, wakati migodi ilikuwa inatafuta watu wa kazi mbali kwa sababu wa karibu hawakutosha. Baba yangu alizaliwa Likasi. Mimi nilizaliwa Likasi. Kasai nilikuwa sijawahi kuiona. Kati ya 1992 na 1993 tuliamshwa na majirani tuliocheza nao, wakiimba neno hilo. Likasi na Kolwezi, miji ya migodi, zilimwaga watu wa Kasai. Tulikaa stesheni na familia nyingine nyingi kungojea treni ya kwenda nchi tuliyoambiwa ni yetu. Tulilala nje, mvua ikitunyeshea. Watu walikufa pale kwa kuhara, kwa surua, kwa njaa, wengine walikufa ndani ya mabehewa njiani. Mdogo wangu ni mmoja wao.

Kabla ya nyumba kuchomwa, neno lilishafanya kazi miezi mingi. Mtu huwezi kumfukuza jirani aliyekukopesha chumvi mpaka kwanza umemfanya asiwe jirani. Mdudu unaweza kumfagia. Rwanda, 1994, Watutsi waliitwa mende miaka na miaka kabla ya mapanga. Hilo wote tunalijua kwa sababu lilitufikia mpaka mipakani mwetu. La kwetu wenyewe tunalinyamazia.

Na sasa nije kwenye vizazi. Watu wa umri wangu, wa pande zote mbili, hatulitamki, kwa sababu tuliona lilikotupeleka. Hata waliolitamka wakati ule wengi wanaona haya. Wanaolirudisha ni watoto wa shule. Nimelisikia uwanjani, nimeliona katika makundi ya simu wakati wa uchaguzi, na picha za kuchekesha juu yake. Hawajui stesheni. Kwao ni utani wa mpira. Dogo, wewe unasema neno ni maana tunayoipa. Hao nao wanasema hivyohivyo.

Zaidi ya hilo, waliosoma wana neno safi: "non originaire", yaani mtu asiye na asili ya hapa. Hilo linaingia ofisini bila kubisha hodi. Linaandikwa kwenye barua, linatamkwa redioni na mtu mwenye tai. Likitumika kuuliza nani apewe kazi na nani asipewe, linanifukuza vilevile, ila halina harufu, kwa hiyo hakuna anayelipinga. Mtu akinitukana najua alipo. Huyu wa "non originaire" simwoni.

Mwana_Kamalondo

Pole sana ndugu kwa mdogo wako na kwa yote. Neno nililificha kwa kuogopa litawaumiza wa Kasai watakaosoma. Nakusikia unavyosema: kulificha kunamkinga zaidi anayelitamka.

Njia_ya_Kasumbalesa

Mimi nafanya biashara, napita mpaka wa Kasumbalesa, Zambia, Zimbabwe, hadi Johannesburg. Kule Mzungu akimwita mtu mweusi kwa lile neno lao linaloanza na K anaweza kufikishwa mahakamani. Mwaka 2018 mwanamke mmoja alihukumiwa kifungo kwa kuwatukana polisi kwa neno hilo, na watu walishangilia. Sawa kabisa. Lakini mimi nikishuka na mizigo yangu naitwa "kwerekwere", tusi lao kwa Mwafrika mgeni, mchana kweupe, na anayeniita ni mtu mweusi kama mimi ambaye baba yake aliteswa na makaburu. Mwezi wa 5 mwaka 2008 mashambulizi dhidi ya wageni yaliua watu 62. Ndugu wa Likasi ana haki. La Mzungu tunalijua kwa jina. Letu hatulipi jina la ubaguzi.

Binti_wa_Rangi_Mbili

Niongeze kidogo, kwa sababu sisi hatukutajwa. Bibi yangu anasema "mulâtre", chotara, akinitaja kwa wageni, kwa upendo kabisa. Ndilo neno alilolikuta, lilikuwa hata kwenye karatasi za serikali. Mimi silitaki. Watoto wa baba Mzungu na mama mweusi walichukuliwa na dola ya kikoloni, wakapelekwa kwa masista mbali na mama zao, na huko wakaitwa watoto wa dhambi. Waziri mkuu wa Ubelgiji wa wakati ule, Charles Michel, aliomba radhi tarehe 4 Aprili 2019. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliamua kwamba wanawake watano waliopelekwa misheni ya Katende, Kasai, walitendewa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Wanawake hao ni wa rika la bibi yangu. Kwa hiyo si kweli kwamba wazee hawaumizwi na maneno ya zamani. Wengine walingoja miaka sabini kupata wa kuwasikiliza.

Mwalimu_Kampemba

Nafundisha historia sekondari. Nimekuwa nikisoma kimya, sasa niseme.

Kwanza, jambo la umri wa maneno. Dogo na Papa wanaweza wote kuwa wakweli. Marekani, mwaka 1963, Martin Luther King mwenyewe alisema "Negro" katika hotuba yake kubwa ya Washington, na lilikuwa neno la heshima. Sensa ya nchi ile iliendelea kulichapisha hadi 2010, kisha 2013 wakatangaza kulitoa. Mwaka 2016 rais Obama alitia sahihi sheria ya kulifuta katika maandiko ya sheria za taifa. Mtu aliyelala 1963 akaamka leo angewaudhi wote bila nia mbaya. Hata hapa: Mobutu mwaka 1972 alitutaka tuitane "citoyen", na waliokuwa vijana wakati ule waliliona ni neno la kunyoosha mgongo. Leo ukimwita mtu hivyo ofisini anadhani una kesi naye.

Kuhusu "mbilikimo" aliyemtaja Dogo: sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za "peuples autochtones pygmées", yaani wenyeji wa asili wanaoitwa mbilikimo. Sheria ni njema na ilisubiriwa. Lakini katika mkoa wa Tanganyika wa hapa Kongo na huku kwetu wengi wao hujiita Batwa. Miaka ya 2010 Batwa na Baluba waliuana kule Tanganyika, vijiji vizima vikahama. Nikiwa darasani nasema Batwa, kwa sababu ndivyo wanavyojiita, na nawaambia wanafunzi sababu hiyo.

Ninachofanya katika somo la ukoloni: nawaeleza tu/vous, naeleza kadi ya 1948, naeleza boyi. Darasa linakuwa kimya, wanasikiliza. Ningependa Papa_Ruashi aje asimulie. Pale chuo kikuu, tangu mwaka 2000, mradi wa Mémoires de Lubumbashi umekusanya kumbukumbu za wafanyakazi wa mji huu. Kukusanya kunawezekana, na shule zinaweza kufanya vilevile kwa wazee wa mtaani kabla hawajaondoka.

Papa_Ruashi

Mwalimu, mie nitakuya. Miguu inaumwa lakini ntakuya. Muniletee tu kiti.

Mzaliwa_wa_Likasi

Mwalimu, umetaja ya Wabelgiji, ya Marekani, ya Tanganyika. Ya 1992 umeruka. Tena umeruka baada ya mimi kuandika yote yale.

Mwalimu_Kampemba

Nimeruka kwa makusudi, na nitakwambia kwa nini. Darasani kwangu wapo watoto wa waliofukuzwa na wapo watoto wa waliofukuza. Wana miaka kumi na minne. Hawajui nani ni nani, wanakaa dawati moja. Siku nitakapoandika "bilulu" ubaoni, naogopa saa ya mapumziko litakuwa linaimbwa uani. La macaque haliwezi kuwagawa, kwa sababu wote wako upande mmoja wa lile tusi.

Mzaliwa_wa_Likasi

Linaimbwa tayari. Nimekwambia nililisikia wapi. Tofauti ni kwamba sasa linaimbwa na watoto ambao hakuna mtu mzima aliyewaambia lilifanya nini. Ukifundisha tusi la Mzungu peke yake, utawafundisha kwamba ubaguzi ni kitu cha Mzungu, kilipanda ndege pamoja naye mwaka 1960.

Wa_Kasapa

Naungana na ndugu wa Likasi. Sheria ya 1966 inataja rangi na kabila katika jina lake lenyewe. Hata aliyeitunga hakuvitenganisha.

Mama_Katuba

Mimi namwelewa Mwalimu. Mzazi mmoja akikasirika, anayepoteza kazi ni yeye, si sisi tunaoandika hapa. Wazazi waitwe kwanza, waelezwe kabla ya watoto.

Mzaliwa_wa_Likasi

Sawa mama, waitwe. Na pendekezo langu ni hili. Papa_Ruashi akija, na mimi nije. Siku moja, darasa moja, saa moja. Yeye aseme aliyoyasikia akipeleka chakula, mimi niseme ya stesheni. Nikija peke yangu wiki nyingine itaonekana ni malalamiko ya Wakasai.

Papa_Ruashi

Mie ni Mukatanga. Tutaketi pamoja.

Mwalimu_Kampemba

Nitamwona préfet, mkuu wa shule, Jumatatu, na nitaomba kikao cha wazazi kabla ya yote, kama alivyosema mama. Akinijibu kwamba Papa aje na wewe usije, nitamwambia basi tusubiri mpaka mje wote wawili.